Udi Usio na Tumbo: Tathmini ya Udi Bapa wa Umeme Uliofika Unguja

Udi ninaoutathmini hapa, chombo cha nyuzi cha taarabu, hauna tumbo. Mahali ambapo udi tuliouzoea una mgongo wa duara, uliojengwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa kwa moto na kugandishwa ubavu kwa ubavu, huu una kiwiliwili bapa kilichochongwa kwa mkangazi, unene wake haufiki upana wa kiganja, na ndani umetobolewa mapango mawili ili usiwe mzito kupita kiasi. Upande wa chini wa shingo umekatwa kwa kuingia ndani, kama yanavyokatwa magitaa mengi ya siku hizi, mkono wa kushoto upate kufika kwenye sauti za juu bila ya kujipinda. Kichwa chake, ambacho katika udi wa asili hukunjwa kurudi nyuma kwa pembe kali, kimenyooshwa, na vigingi vya mbao vimeondolewa. Badala yake pana funguo za chuma zenye meno. Kilichobakia kama kilivyokuwa ni nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene unaokaa peke yake, shingo isiyo na vigawanyo vya chuma kama vya gitaa, na risha ya kuupigia. Ubavuni pana tundu la waya, vitufe vya kurekebishia sauti nene na nyembamba, na kikasha cha betri ya volti 9.

Aina hii ya udi si jambo jipya duniani. Kampuni ya Godin ya Canada ina udi wake bapa wa nyuzi 11 ambao wapigaji wa nchi nyingi wanaujua, na mafundi wa Uturuki nao wana wa kwao. Huu ninaouandikia hauna jina kubwa mgongoni. Umetoka katika karakana ndogo ya nje, ukaletwa Unguja na mpigaji kijana aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, na tangu ulipofika umepita katika mikono mingi, ya wapigaji wa klabu za taarabu, ya walimu, ya wanafunzi, na masika nzima ulikuwa ukilala kwangu. Hukumu yangu naitanguliza: ni chombo kizuri cha jukwaani na ni chombo dhaifu cha barazani, na mabishano mengi niliyoyasikia juu yake hayafiki popote kwa sababu kila upande unazungumzia mahali pake bila ya kupataja.

Maneno ya mwanzo ya karibu kila aliyeuona yalihusu sura. Mzee mmoja, ambaye vidole vyake vimeijua bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu unaofungulia taarabu, kabla wengi wetu hatujazaliwa, aliupokea kwa heshima, akaugeuza, akaugonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikia mbao imejibu kikavu. "Mwanangu," akauliza, "tumbo lake kalila nani?" Kisha akaurudisha kwenye mkoba bila ya kuupiga hata uzi mmoja. Wanafunzi walifanya kinyume chake: waliugombania, na wa kwanza kuushika alijipiga picha nao kabla ya kuutuni. Arusini, akinamama wa safu ya mbele walidhani ni gitaa, na hawakuutazama tena mpaka taksimu, yaani upigaji wa papo kwa papo wa chombo kimoja, ilipoanza, ndipo mmoja wao alipoinua shingo kutafuta udi uko wapi. Mpigaji kanuni wa kikundi kimoja, yaani kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, hakusema kitu juu ya sura. Aliuliza tu kama sauti yake itatoka karibu na yeye au itatoka kwenye spika. Katika wote hao, huyu ndiye aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa, na nitalirudia mbele.

Pingamizi ya sura, kwa mtu wa visiwa hivi, haina miguu ya kusimamia. Udi wenyewe wenye tumbo la duara tunaoulinda leo kama wa mababu ulikuja ukaikalia nafasi ya gambusi, chombo kilichochongwa katika kipande kimoja cha mti na kufunikwa kwa ngozi, na ambacho leo ukitaka kukiona lazima uulize kwanza. Fidla ilitoka Ulaya, ikapita Misri, ikatuniwa upya ili ikubaliane na maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na hakuna anayeiambia itoke. Kanuni ambayo inasimuliwa kuwa Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kujifunza Cairo, sicho chombo kile kile kinachopigwa leo, kwa sababu hapo zamani mpigaji alipotaka kupandisha sauti ya uzi aliubonyeza kwa ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kushoto, na hivyo vijipande vya chuma vinavyoinuliwa na kushushwa kando ya nyuzi vilikuja baadaye. Bila shaka walikuwapo waliosema kwamba vijipande hivyo vinaua ufundi wa ukucha, na pengine walisema kweli, lakini leo kanuni isiyokuwa navyo hatungeinunua.

Dumbaki nalo linatoa ushahidi wa karibu zaidi. La chungu na ngozi lilikuwa likitaka moto kila ngozi inapolegea, na masika hulegea kila saa. Walioshuhudia kidumbaki cha zamani, ile taarabu ndogo ya mitaani, wanakumbuka moto mdogo nyuma ya wapigaji na mtu aliyepewa kazi ya kuzigeuza ngoma juu yake. Sasa limeenea dumbaki la madini lenye uso wa plastiki, linalokazwa kwa skrubu. Sauti yake ni kali zaidi, inakata sikio ukikaa karibu, na hilo ni hasara ya kweli, lakini hakuna harusi iliyosimama kungojea ngozi ikauke tangu lilipokuja. Tena, ni nani katika sisi anayethubutu kulicheka sanduku la kidumbaki? Ni kasha la mbao lililokuja na majani ya chai, likatiwa fimbo na uzi mmoja, likachukua kazi ya besi kubwa ambayo watu wa mitaani hawakuwa na fedha za kuinunua, na likawa chombo chenye mabingwa wake. Waliolibuni hawakulifananisha na besi kwa sura. Walitaka kile kishindo cha chini kinachowaambia wachezaji wapi pa kukanyaga, wakakipata. Kwa kipimo hicho ndicho nilichotaka kuupimia udi huu: kazi gani unaifanya, na ipi unashindwa.

Nianze na sauti yake ukiwa haujachomekwa waya. Ni ya kunong'ona. Uso wa udi wa asili ni mbao nyepesi yenye unene wa kama milimita 2 tu, na ndiyo maana uzi ukiguswa mbao yote hutikisika, tumbo likaujaza mtikisiko huo kwa upepo, na chumba kizima kikasikia. Udi bapa una uso mzuri wa mbao ya aina hiyo hiyo, lakini chini yake hapana nafasi ya upepo wa kutosha, kwa hiyo anayeupiga anajisikia mwenyewe na jirani yake wa karibu, basi. Kwa anayefanya mazoezi usiku katika nyumba za Mji Mkongwe, ambamo kuta ni nene lakini madirisha yanatazamana na ya jirani, hiyo ni neema. Kwa watu watano waliokaa barazani wakitaka wimbo mmoja baada ya isha, ni sawa na kutokuwa na udi.

Ukiuchomeka kwenye spika, mambo hubadilika, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi kusikiliza. Kinasa mtikisiko kimefichwa chini ya kidaraja, na sauti kinayoitoa mwanzoni ni kavu, yenye ncha, kila mguso wa risha ukisikika kama umeambatana na mkwaruzo mdogo. Nilipopunguza sauti nyembamba karibu nusu na kuongeza kidogo zile za kati, ncha ile ikalainika na jozi mbili za chini zikapata unene unaokubalika. Uzi mnene wa peke yake, ambao katika udi wa asili hunguruma ukasikika kifuani mwa mpigaji, hapa unatoka safi mno, kama besi ya kinanda cha umeme, na hapana kitufe nilichokigeuza kilichourudishia ule mngurumo.

Tofauti kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni muda wa sauti kukaa. Katika udi wa asili, uso mwembamba huinyang'anya nguvu ya uzi haraka na kuitoa hewani, na kwa hiyo sauti huja kwa wingi, kisha hufa. Kufa huko ni sehemu ya lugha ya udi. Mpigaji mzuri wa taksimu husema sentensi, akanyamaza, na ule unyamavu ndio unaompa msikilizaji nafasi ya kusema "Allah!" kabla ya sentensi ya pili. Kiwiliwili kizito cha udi bapa hakiinyang'anyi nguvu ile, kwa hiyo sauti hukaa, hubakia ikining'inia, na sentensi ya pili huikuta ya kwanza bado ipo mlangoni. Mpigaji wa udi wa asili akiukamata mara ya kwanza hupiga kwa kasi aliyoizoea, na zile risha za harakaharaka anazozitumia kuirefusha sauti ya chombo kinachokufa upesi hapa hugeuka uji. Dawa yake ni kuzima nyuzi kwa ubavu wa kiganja cha mkono wa kulia, jambo ambalo wapiga gitaa hulifanya bila ya kufikiri, lakini kwa mpigaji udi ni tabia mpya, na kuijenga kunataka subira.

Katika upande mwengine, huko kukaa kwa sauti kuna faida ambayo sikuitarajia, nayo ni katika usahihi. Sauti ya pili ya maqam ya bayati na ya tatu ya rast hazimo katika kinanda cha kawaida. Ziko katikati, na kidole lazima kizitafute pasipo alama yoyote shingoni. Udi wa asili humsitiri asiyejua, kwa kuwa kosa hufa pamoja na sauti. Huu hausitiri. Kidole kikikaa juu kwa unywele mmoja, kosa hubakia likilia mbele ya kila mtu hadi ulizime. Mwalimu mmoja wa udi aliniambia kwamba angependa kila mwanafunzi wake aupige kwa kipindi, kwa ajili ya sikio tu, kisha arudi kwenye udi wa kawaida, na nadhani hakuna matumizi bora zaidi ya chombo hiki darasani kuliko hayo.

Sasa swali la mpigaji kanuni. Kikundi cha taarabu asilia hakisikilizani kupitia spika. Fidla huchukua sauti yake kutoka kwa kanuni iliyo ubavuni, udi hujazia chini, rika, tari ndogo yenye visahani, huwaambia wote wapo wapi, na mwimbaji huegemea juu yao; ukaaji wenyewe wa wapigaji, nani yuko kulia kwa nani, umepangwa na masikio ya miaka mingi. Klabu kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, zimerithishana utaratibu huo kutoka kizazi hadi kizazi. Katika mazoezi niliyohudhuria, ya kikundi ambacho si lazima nikitaje, udi bapa ulichomekwa kwenye spika ndogo iliyowekwa sakafuni, hatua tatu nyuma ya mpigaji. Bashraf ilipoanza, wapigaji wa fidla wakageuza vichwa wote pamoja kuelekea ile spika, kwa kuwa mikono waliiona inapiga mbele yao na sauti inatoka nyuma yao. Walicheka, wakaendelea, lakini fidla hazikukaa sawasawa mpaka spika ilipohamishiwa juu ya kiti, karibu na goti la mpigaji. Hata baada ya hapo, kila mara mwimbaji aliposhusha sauti na wenzake wakashuka naye, udi ulibakia pale pale ulipokuwa, kwa sababu mpigaji alikuwa bado hajazoea kwamba kiasi cha sauti sasa kimegawanyika baina ya risha yake na kitufe cha ubavuni.

Hilo ndilo kosa la kweli la chombo hiki, na halina uhusiano wowote na sura. Kinamtoa mpigaji katika duara la wenzake na kumweka peke yake na spika yake. Linarekebishika kwa sehemu, kama nilivyoeleza, lakini halitoweki.

Jukwaani mambo ni mengine kabisa. Kuanzia miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipoingia na vinanda vya umeme, gitaa la besi na spika refu kama mlango, udi ulikuwa miongoni mwa vyombo vya mwanzo kupoteza kiti. Haukukataliwa na mtu, ulikuwa hausikiki. Ukiuwekea mikrofoni, mikrofoni inalikamata dumbaki kabla ya udi, na ukiongeza sauti ili udi upande juu, lile tumbo linaanza kutikiswa na spika zenyewe na mluzi unapiga hadi watu wanaziba masikio. Nimewaona wapigaji wakijaza sponji na vitambaa katika matundu ya uso wa udi ili kuuzuia mluzi huo, yaani kuunyima udi pumzi yake ili upate kusikika, na sauti inayotoka baada ya hapo siwezi kuisifia. Udi bapa, kwa kuwa hauna tumbo la kutikiswa, hauna tatizo hilo. Katika uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara hufanyika tangu mwaka 2004 na ambako ngoma, gitaa na pembe hupanda jukwaa moja, chombo cha namna hii kinaweza kusimama mbele ya besi na seti nzima ya ngoma na kusikika kila jozi. Katika harusi moja ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, niliuona ukifanya hivyo hasa: kinanda kilikuwa upande mmoja, udi upande wa pili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasikia kinanda kikiujibu udi badala ya kuufunika. Wanaousema udi huu kuwa ni adui wa taarabu asilia wangepaswa wakumbuke kwamba katika kumbi hizo haushindani na udi wa asili, kwa sababu wa asili ulishaondoka humo.

Kuhusu hali ya hewa yetu sina mabishano na mtengenezaji. Anayepiga udi Unguja anaijua shida ya vigingi vya mbao: masika huvimba vikagoma kuzunguka, kaskazi hukauka vikateleza katikati ya wimbo, na katika mifuko ya wapigaji hapakosekani kipande cha chaki cha kuvipaka. Mbaya zaidi ni wanaopiga hotelini, wanaotoka kwenye joto la barabarani na kuingia katika ukumbi wa kiyoyozi, wakatuni, kisha wakahamishiwa kwenye paa lenye upepo wa bahari na kutakiwa watuni tena mbele ya wageni. Funguo za chuma zimeimaliza shida hiyo takriban yote. Masika nzima udi huu ulishuka kidogo kidogo kama nyuzi zote za nailoni zinavyoshuka, lakini haukuniangusha ghafla hata mara moja, na kidaraja hakikuonesha dalili ya kubanduka, jambo ambalo kwa udi wa asili wa bei nafuu katika mwezi wa Aprili singelithubutu kulidhamini. Wapo wanaosema kwamba kichwa kilichonyooka kimeuondolea udi adabu yake. Mimi nimewaona watu hao hao wakigombana na kigingi kwa koleo.

Ukaaji wake mapajani nao unastahili kusifiwa. Mgongo wa duara huteleza, na mwanafunzi mgeni hupoteza nusu ya nguvu zake kuuzuia usitoroke, akaweka kanga chini yake, akauinamisha ili avione vidole, mwalimu akamkaripia aunyooshe. Wanafunzi wa kike waliovaa mabuibui mapana, ambao nguo huteleza juu ya mbao iliyong'arishwa, waliniambia kwamba kwa mara ya kwanza waliusahau udi na kuufikiria muziki. Sijui kama mtengenezaji aliwafikiria wao alipouchora, lakini kwa watoto na wasichana wanaoanza, ubapa huu umefanya kazi ambayo mawaidha ya mwalimu hayajapata kuifanya. Uzito ndio unaoharibu sifa hiyo: baada ya saa moja paja linajua kwamba limebeba mkangazi.

Halafu pana umeme. Kisiwa cha Unguja hupata umeme wake kupitia waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, na hakuna mtu mzima hapa aliyeisahau ile miezi mitatu ya giza tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hali ya sasa si ile, lakini umeme kukatika wakati wa shughuli bado si hadithi, na kikundi kisicho na jenereta kikitegemea udi wa namna hii kitabakia na mpigaji anayechezesha mkono bila ya sauti, hali kanuni na fidla zinaendelea. Betri ya ndani huendesha vitufe tu; haiendeshi spika. Anayeununua lazima ahesabu pia spika ndogo inayochajiwa, waya wa akiba, na betri za akiba, kwani betri inapokaribia kuisha sauti huanza kupasuka pasipo onyo lolote.

Bei yake iko juu sana kuliko ya udi wa kawaida wa kujifunzia, na kwa anayeuagiza kutoka nje gharama ya kuusafirisha na ushuru si ndogo. Hilo peke yake lisingenizuia kuupendekeza kwa kikundi kinachopiga harusini na kwenye matamasha, kwa sababu udi mmoja wa asili unaosikika jukwaani kwa mikrofoni nzuri na fundi mitambo anayejua kazi yake nao si wa bei ndogo. Kinachonisumbua zaidi ni matengenezo. Udi wa asili ukipasuka ubavu, yupo fundi seremala wa Mjini atakayeuchukua, auambatishe kwa gundi, aufunge kamba, na baada ya siku kadhaa urudi. Funguo za chuma zikiingia kutu ya chumvi zinasafishika kwa mafuta ya cherehani, na za gitaa zinapatikana madukani, ingawa si kila saizi itaingia. Kinasa mtikisiko kikifa, hata hivyo, hakuna duka la Darajani litakalokuuzia chengine, na mafundi redio niliowaonesha sahani yake ya umeme waliitazama kwa hamu zaidi kuliko kwa ujuzi. Tundu la waya lilikwishaanza kukwaruza kabla masika hayajaisha. Nilifungua kifuniko nikakuta ukijani wa chumvi kwenye shaba, nikausugua kwa brashi ya meno na spiriti, ukwaruzaji ukaondoka, ukarudi baada ya wiki chache. Chombo kinachouzwa kwa watu wanaoishi hatua chache kutoka baharini kingestahili shaba iliyopakwa dhahabu au angalau kifuniko cha mpira juu ya tundu hilo, na gharama yake isingefika bei ya seti moja ya nyuzi.

Kwa klabu inayofikiria kuununua, ushauri wangu ni kwamba usinunuliwe kuwa udi wa pekee wa kikundi, na usipewe mpigaji mkongwe kabla ya kijana. Uwe wa harusi na wa matamasha, ukae kwa mpigaji mmoja atakayejifunza kuzima nyuzi zake na kuishi na kitufe cha ubavuni, na spika yake iwekwe usawa wa goti. Kwa anayeanza kujifunza nyumbani na mwenye uwezo wa kununua chombo kimoja tu, bado ningemwambia anunue wa tumbo, avumilie chaki na kanga, kwa sababu mkono unaofundishwa na udi usiosikika bila ya waya hautajua kuutoa sauti ule unaosikika. Mwenye huu niliokaa nao ameamua kuuweka katika klabu yao na kuuagizia mtengenezaji tundu jipya na vinasa viwili vya akiba. Akijibiwa kwa haraka, mengi niliyoyalalamikia hapo juu kuhusu matengenezo yatapungua uzito.